"Wash Up" si Kuosha Juu

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akipewa sentensi ya Kiingereza isemayo "We wash up after supper" na kutakiwa aeleze maana yake kwa Kiswahili, aghalabu hutoa moja kati ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba watu hao huoga baada ya chakula cha jioni. La pili, ambalo huwavunja mbavu wenzake darasani, ni kwamba huosha juu. Majibu yote mawili hutiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na mtoto hurudi kwenye dawati lake akiamini kwamba Mungu alimnyima kichwa cha Kiingereza. Hakuna anayemwambia kuwa amefanya kazi ya akili. Alilitafuta neno la kwanza katika kamusi akakuta kuosha, akalitafuta la pili akakuta juu, akajumlisha moja na moja. Hesabu yake haina kosa. Wenye kosa ni wale waliomzoeza kuamini kwamba lugha huhesabiwa hivyo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mno kujaza nafasi ya gazeti. Vyombo vya jikoni vina uzito gani mbele ya mambo mazito ya nchi? Lakini katika shule za sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili huingia humo kama mgeni aliyeshushwa usiku katika mji asioujua. Akikwama katika maneno madogo kama haya hukwama pia katika jiografia na biolojia, maana vitabu vya masomo hayo vimejaa maneno ya aina hiyo hiyo. Mto haukosi "wash away" katika kitabu cha jiografia, wala kidonda hakikosi "wash out" katika kitabu cha afya. Anayedhani kwamba huu ni mchezo wa maneno na aketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja tu.

Kiingereza kina tabia ya kuchukua kitenzi kifupi cha zamani, kama vile cha kuosha, kwenda, kutoa au kuweka, na kukifunga kwenye kineno kidogo kama vile cha juu, chini, nje au mbali. Vikishafungwa pamoja, viwili hivyo huzaa kitenzi cha tatu ambacho si mtoto halali wa yeyote kati yao. Katika "wash up" hakuna kitu kinachopanda juu. Kile kineno cha pili hufanya kazi nyingine kabisa, nayo ni kuonyesha kwamba tendo limefika mwisho wake. Mwingereza hutumia kineno hicho hicho anapomhimiza mtoto ale amalize sahani, anywe akaushe kikombe, au anapolalamika kwamba fedha zimetumika zote. Mwalimu akieleza hivyo mara moja tu, kwa Kiswahili, mwanafunzi huondoka na ufunguo wa milango mingi kwa mpigo. Akiishia kusema kwamba haya ni maneno ya kukariri, humwachia mtoto orodha isiyo na mwisho.

Hata huo ufunguo haufungui kila kitu, kwa sababu wenye lugha wenyewe hawakubaliani. Kwa Mwingereza wa London, "wash up" ni kuosha sahani, vijiko na sufuria baada ya kula, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hupewa jina kutokana na neno hilo. Kwa Mmarekani wa Chicago maneno hayo hayo maana yake ni kunawa mikono na uso, na aghalabu hufanyika kabla ya kula. Chukulia basi Mmarekani aliyealikwa chakula nyumbani kwa Mwingereza. Anafika na vumbi la safari, anasema kwa adabu kwamba angependa "to wash up" kabla ya kuketi mezani. Mwenye nyumba anamtazama kwa mshangao: mgeni hata hajaonja mchuzi, tayari anataka kuingia jikoni kuosha masufuria! Wawili hao wamezaliwa ndani ya lugha moja, na kitenzi kimoja cha nyumbani kimewatenganisha. Ikiwa wao wanaruhusiwa kutoelewana, ni uonevu kumcheka mtoto wa Kilosa au Masasi aliyekosea.

Mgeni huyo angefika katika nyumba ya Mswahili asingepata taabu. Kabla hajasema lolote angeona kijana wa nyumbani akija na birika, bakuli na taulo begani, akimnawisha kuanzia mkono wa kulia. Na hapa msomaji azingatie neno. Kijana hamwoshi mgeni, anamnawisha. Mwenye nyumba akisema "karibu unawe", hakuna anayedhani kwamba anaambiwa habari za usafi peke yake. Ameitwa kula. Neno la maji limekuwa neno la chakula, na hakuna Mswahili aliyehitaji kamusi kulielewa.

Kuna wasomi, na baadhi yao wana vyeo vikubwa, ambao hupenda kusema kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa sababu hakina vitenzi vya namna hiyo ya Kiingereza. Husema kwamba Mwingereza, kwa kugeuza kineno kimoja cha mwisho, hupata maana kumi, ilhali Mswahili hubaki na kuosha kwake kumoja. Maneno hayo ni kasumba, na anayeyatamka huonyesha tu kwamba muda mrefu umepita tangu aingie jikoni au uani kwa mama yake. Kuosha kwake kumoja! Mwili mzima huogwa. Uso na mikono hunawiwa. Nguo hufuliwa, na kabla ya kufuliwa huweza kurowekwa, na baada ya kufuliwa husuuzwa. Kinywa husukutuliwa. Sakafu hupigwa deki. Mwenye kwenda kuswali hutawadha. Mtoto mchanga huogeshwa, na ng'ombe hupelekwa josho. Vyombo ndivyo vinavyooshwa, pamoja na gari, mboga, kidonda, na maiti.

Neno hilo la mwisho lisipitwe haraka. Mtu mzima aliye hai huoga mwenyewe, na mgonjwa asiyejiweza huogeshwa. Aliyekufa huoshwa. Ndiyo maana wazee walisema "mwosha huoshwa", wakimaanisha kwamba anayeosha maiti leo naye siku yake itafika. Methali hiyo ina maneno mawili tu, na nguvu yake yote imo katika kuchagua kitenzi. Ukiweka kuogesha mahali pa kuosha, methali inakufa. Mtafsiri asiyejua tofauti hiyo anaweza kuandika katika maelezo ya wodi kwamba wagonjwa "wataoshwa" kila asubuhi saa kumi na mbili, na jamaa wa mgonjwa wakisoma tangazo hilo mlangoni hawatakosa kushtuka.

Tofauti kati ya Kiingereza na Kiswahili katika jambo hili si ya utajiri na umaskini. Mwingereza huuliza: tendo limeendaje, limekwisha, limeondoa kitu, limesomba kitu? Akishajua, hubandika kineno chake nyuma ya kitenzi kile kile. Mswahili huuliza kwanza: ni kitu gani kinachokutana na maji? Akishajua, huchagua kitenzi tangu mwanzo. Kila mmoja amegawa kazi ya maji kwa namna yake, na kila mmoja akimtazama mwenzake kwa dharau atamwona ana mapengo. Mwingereza anayejifunza Kiswahili hutaabika vilevile. Akishazoea kwamba kufua ni kazi ya nguo, atasikia kwamba fundi anafua chuma, mpishi anafua nazi, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kufua umeme wa megawati 2,115. Atafikiri umeme wa Tanzania hutiwa sabuni. Atakapoambiwa kwamba kufua kuna maana ya kupigapiga, na kwamba nguo nazo zilipigwa juu ya jiwe kabla ya kuletwa mashine, mambo yote manne yatakaa mahali pake. Hapo atakuwa amepewa sababu, na sababu haisahauliki upesi kama orodha.

Dawa ya mwalimu imo humo humo katika Kiswahili. Anayetaka kueleza kwa nini "up" si juu hana haja ya kuagiza mfano kutoka ng'ambo. Na awaulize wanafunzi wake: mtu anapopiga deki, amempiga nani? Anapopiga pasi, pasi imelia? Anapopiga mswaki, meno yameumia? Wote watacheka, na wote watajua kwamba kupiga hapo si kupiga. Kisha awaulize: mtu akiambiwa "potelea mbali", anatakiwa aende umbali wa maili ngapi? Na taka zikitupiliwa mbali, haziwezi kuwa zimetupwa nyuma ya nyumba tu? Neno mbali hapo halipimi umbali, linaonyesha kwamba tendo limefanywa kabisa, halina kurudi. Hiyo ndiyo kazi ile ile inayofanywa na kineno cha Mwingereza. Mtoto aliyeanzia hapo atakiona Kiingereza kuwa ni lugha ya watu, yenye mazoea kama ya kwao, wala si uchawi wa kizungu unaohitaji mtu azaliwe nao.

Wapo watakaosema kwamba kueleza Kiingereza kwa Kiswahili ni kumdekeza mwanafunzi, na kwamba katika baadhi ya shule mtoto akisikika akizungumza Kiswahili huadhibiwa. Ni kweli adhabu hizo zipo, na zimedumu miaka mingi. Matunda yake nayo yanaonekana: vijana wanaokariri "wash up", "wash out" na "wash down" kama kasuku, kisha wakikutana na neno la nne lisilokuwamo katika daftari husimama wima. Mtu hajengi dari kwa kubomoa msingi.

Maana nyingine za neno hili zinadhihirisha zaidi hatari ya kutafsiri kwa mazoea. Kiingereza hulitumia kwa bahari pia. Kitu kilichosukumwa na mawimbi hadi ufukoni husemwa kuwa "washed up", bila sabuni wala dodoki. Mwezi Juni mwaka 2016, kipande kikubwa cha bawa la ndege kilipatikana Pemba. Mwezi Septemba mwaka huo wataalamu wa Australia walithibitisha kwamba kilikuwa cha ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Mwandishi anayepokea habari ya namna hiyo kwa Kiingereza na kuigeuza kwa haraka anaweza kuandika kwamba kipande "kilioshwa" katika ufuko wa Pemba, na msomaji akauliza nani alikiosha na kwa nini alipoteza ushahidi. Mvuvi wa Kojani asingefanya kosa hilo. Yeye angesema bahari imekitupa pwani, akamaliza.

Mtu naye aweza kuwa "washed up". Mchezaji aliyekuwa akishangiliwa uwanja mzima, leo hachaguliwi hata kukaa benchi. Mwimbaji aliyejaza kumbi, leo hakuna anayemkumbuka. Hapa linatokea jambo la kupendeza, ambalo wenye kudharau Kiswahili cha mitaani wangelitafakari. Vijana wa Tanzania husema juu ya mtu kama huyo kwamba "amefulia", au kwamba "amechuja". La kwanza limetoka katika kufua, na la pili ni la kitambaa kinachoacha rangi yake ndani ya beseni. Vijana hao hawakukaa na Waingereza kikaoni wakapatana. Watu wa lugha mbili walitazama kazi ya maji, kila mmoja kwa namna yake, wakamwona binadamu ndani yake. Mwalimu anayeona aibu kulitamka neno "amefulia" mbele ya darasa kwa kuwa ni la vijiweni hutumia dakika kumi kueleza kile ambacho neno moja lingekieleza kwa dakika moja.

Na ofisini je? Watumishi wa serikali wanaofuatilia habari za Uingereza watakuwa wamekutana na neno hilo hata bungeni. Siku chache za mwisho kabla ya Bunge la huko kuvunjwa huitwa "wash-up". Katika siku hizo serikali na upinzani hukubaliana miswada ipi ipitishwe haraka na ipi iachwe ife, kana kwamba chakula kimekwisha na kilichobaki ni kusafisha meza kabla taa hazijazimwa. Mwezi Mei mwaka 2024, baada ya uchaguzi kutangazwa tarehe 22, sheria ya kufuta hukumu za wasimamizi wa posta walioonewa kwa makosa ya kompyuta iliwahi kupita katika siku hizo, tarehe 24. Mswada wa kudhibiti tumbaku uliachwa njiani. Ofisa atakayeuita wakati huo "kipindi cha kuosha" atawafanya wasomaji wadhani kwamba wabunge wa Uingereza wamekwenda josho. Lakini akiandika kwamba ni siku za kumalizia viporo vya Bunge, kila mtu ataelewa, na neno viporo litakuwa limebaki katika familia ile ile ya jikoni.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, nchi nzima ilijaa mabango ya kuwaagiza watu wanawe mikono kwa "maji tiririka" na sabuni. Mengi ya mabango hayo ya Tanzania yalitumia nawa, nayo yalistahili sifa, ingawa hayo "maji tiririka" yalihitaji mtu wa kuyasahihisha, kwa kuwa Kiswahili fasaha ni maji yanayotiririka. Kwingineko Afrika Mashariki ilisikika zaidi "osha mikono". Wenzetu wa Kenya hawakosi kueleweka kwa kusema hivyo, na lugha inayozungumzwa na nchi nyingi haiwezi kukosa tofauti kama hizo. Lakini inapotokea kwamba ofisa wa Dodoma au Tanga anaacha nawa aliyofundishwa na mama yake na kushika osha kwa sababu tu karatasi ya Kiingereza mbele yake ina kitenzi kimoja, hiyo haihesabiwi kuwa tofauti ya nchi na nchi. Ni uvivu wa kalamu. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kikiruhusiwa kumeza nawa, oga, fua na suuza, watoto wa kesho watarithi kuosha peke yake, na hapo ndipo wale wasomi wa kasumba watakapokuwa wamesema kweli.

Inawezekana kufanya vizuri, na mfano upo. Waliokabiliwa na kazi ya kuipa jina la Kiswahili ile biashara ya kuzipitisha fedha za wizi na dawa za kulevya katika njia halali ili zionekane safi walikuwa na kishawishi mbele yao, maana Kiingereza huzungumzia udobi hapo. Hawakuandika kufua fedha, wala kuosha fedha. Walichukua kutakata, wakakinyoosha wakapata utakatishaji, na leo "utakatishaji wa fedha haramu" ni maneno yanayosomwa katika hati za mashtaka na kueleweka hata na abiria wa daladala. Neno hilo lina uzuri wa pekee: hubeba wazo la kitu kufanywa kionekane kitakatifu na safi, na neno haramu likiwekwa kando yake huufichua uongo huo papo hapo.

Kazi ya aina hiyo imeongezeka. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi zikawa zinangoja kuhamishwa. Ndani yake mmejaa vitenzi vya vineno viwili viwili: vya kutekeleza, vya kuahirisha, vya kufunga shughuli za kampuni, vya kufuta deni. Mwenye kuhukumiwa kwa sheria hizo hatakuwa na mwalimu wa Kiingereza kando yake kizimbani. Meza ya mtafsiri inahitaji kamusi, na inahitaji pia mtu aliyewahi kusimama uani akamwona bibi yake akiroweka, akifua, akisuuza na kuanika, akajua kwamba hayo ni matendo manne, kila moja na jina lake.